Golikipa Aliyefutwa Kwenye Wimbo

Sehemu ya saba

Haya, mkono ule.

Wiki nzima mmenisumbua. Mmoja kanisimamisha sokoni na mafungu yangu ya mboga ya lengalenga mkononi, eti nimwambie sasa hivi ni mkono wa nani. Mwingine kaapa kwamba ni wa askari. Tulieni basi. Tulimwacha Kabwe, kapiteni wa timu ya Nyundo, amesimama nje ya kambi ya wakimbizi, uso kwenye seng'enge, akitafuta hema la mtu ambaye yeye mwenyewe alimharibia maisha. Ghafla mkono ukapenya katikati ya waya ukamkamata shati.

Haukuwa wa askari. Ulikuwa mkono wa mwanamke, una majivu mpaka kwenye kiwiko.

"Shemeki! Ni weye? Ni weye kweli?"

Alikuwa Hortense, mke wa Zéphirin huyohuyo anayetafutwa. Kabwe alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kutemewa mate. Lakini mwanamke huyu alikuwa anacheka kwa furaha, na kwa hilo hakujiandaa.

"Kila siku bwana yangu anasema, Kabwe atakuya. Miye namwambia, hapana, bantu ya Nyundo balishatusahau. Anasema, bote, lakini si Kabwe." Akageuka akaita kwa sauti: "Zéphirin! Kuya uone! Capitaine yako amekuya!"

Loo! Kofi lingemuuma kidogo kuliko hapo.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sikia haraka haraka, na ninyi wengine vumilieni.

Ni mwaka 1962. Tuko Lubumbashi, mji ambao Wazungu wanauita Elisabethville. Katanga imejitenga, ina bendera yake yenye misalaba ya shaba, na watu wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapahapa, wanaambiwa warudi kwao. Zéphirin ni mmoja wao. Fundi viatu wa mtaa wa Katuba, golikipa wa Nyundo kwa miaka tisa.

Agosti mwaka jana Nyundo walicheza na watu wa Kipushi. Nusu fainali, sifuri kwa sifuri, dakika ya mwisho, kona. Sasa, Nyundo ina sheria moja ambayo kila mtu wa Katuba ameinyonya pamoja na maziwa ya mama: golikipa akipiga kelele "Yangu!", wote wanaacha. Unainamisha kichwa, unashusha mikono, unamwachia mwenyewe. Ndivyo wanavyocheza hata uchochoroni, kwa mpira wa matambara.

Zéphirin alipaza sauti, "Yangu!" Kabwe alisikia vizuri kabisa. Lakini mashabiki walikuwa wanaimba, damu ikamchemka, akataka aonekane yeye ndiye aliyeokoa. Akaruka. Mpira ukamgonga kichwani, ukapita mikononi mwa mwenzake, ukalala wavuni.

Vumbi la Agosti mnalijua. Watu waliona golikipa yuko chini na mpira uko ndani, basi. Mtu mmoja akamuuliza kapiteni kumetokea nini, naye Kabwe akajibu maneno mawili: "Mumuulize gardien." Yaani golikipa.

Maneno mawili tu, jamani! Jioni mtaa mzima ulisema mtu wa Kasai ameuza mechi. Kesho yake kibanda chake cha viatu kikachomwa moto. Siku ya tatu yeye na mkewe walikuwa kambini, wanalindwa na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa, wenye kofia za bluu. Na Kabwe akanyamaza miezi tisa.

Sawa. Turudi kwenye waya.

Zéphirin alikuja polepole, sindano ya kushonea viatu ingali mkononi, na kichwani ile kofia yake ya kijivu aliyokuwa akiivaa golini. Kofia ilikuwa ileile. Kichwa ndicho kilichopungua.

"Capitaine."

"Yaya," akajibu Kabwe, yaani kaka mkubwa.

"Umekonda."

"Weye je?"

"Miye niko ku kambi. Weye uko ku Katuba, unakula bukari kila siku. Juu ya nini unakonda?"

Hortense alikuwa ameshaondoka mbio kutafuta kikombe, maana mgeni ni mgeni hata akiwa upande wa pili wa waya. Kabwe akaona hii ndiyo nafasi.

"Yaya, nimekuya kukuambia kitu. Ile mupira ya Kipushi, ile kona..."

"Iligonga ku kichwa yako," akasema Zéphirin.

Kabwe akasogea mpaka paji likagusa waya.

"Ulijua?"

"Mikono yangu ilikuwa palepale, Kabwe. Nilisikia nywele zako ku vidole. Gardien akinyanganywa mupira, hajue ni nani amemunyanganya?"

"Na juu ya nini haukusema?"

"Ningesema ku nani? Ile siku? Weye capitaine yabo, mutoto ya hapa. Miye mutu ya Kasai. Bangeniua palepale, na weye bangekubeba ku mabega." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Halafu nilikuwa nakungojea. Nilisema, Kabwe si mutu mubaya, kesho atasema. Kesho ikapita. Nikasema, siku ya Mungu, nyuma ya misa, atasema. Nikahesabu siku ya Mungu mpaka nikaacha."

Kabwe aliona aibu. Aliona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Akashika waya kwa nguvu hadi ukamchoma, na akafurahi kwamba unachoma.

"Mama Hortense anajua?"

"Hapana. Angejua, haungekunywa hii chai anakuletea."

"Nifanye nini, yaya? Sema. Kitu chochote."

Zéphirin akaangalia nyuma, akaona mkewe bado yuko mbali, akasogea.

"Kesho banatupandisha ku treni. Tunaenda Kasai. Hortense hajafikaka kule hata siku moja, lakini banasema njo kwetu. Treni itatoka saa kumi kasoro kidogo. Itapita nyuma ya kiwanja ya Katuba, na mutakuwa munateza finale. Nataka kitu moja tu. Nataka nisikie jina yangu mu wimbo. Mara moja. Halafu niende."

Hapa lazima niwaeleze wimbo wenyewe, la sivyo mtaniona nawachezea.

Kwingine mchezaji anakuwa mkubwa kwa kuhesabiwa mabao. Nyundo hapana. Nyundo mkubwa ni yule aliyemo kwenye wimbo, na mwenye wimbo ni mmoja: Mama Victorine, muuza bitoyo, samaki wa chumvi wale, ambaye hukaa mstari wa kwanza na ngoma ya marehemu mumewe. Tangu klabu izaliwe ameingiza majina manane. Manane tu! Kuna mshambuliaji alifunga mabao arobaini, akaenda kumuuliza mbona hamwimbi. Mama akamjibu, "Weye unatezea jina yako. Wimbo iko ya bale banatezea jina yetu." Yule bwana akahama timu kwa hasira, na leo hakuna anayekumbuka hata alikuwa anapigia mguu gani.

Zéphirin hakuingia kwa mipira aliyookoa. Aliingia siku ya mazishi ya Papa Adalbert, mpiga ngoma, mume wa Mama Victorine. Ilikuwa masika, kaburi likajaa maji, wachimbaji wakakata tamaa. Zéphirin, ambaye hakuwa ndugu wala hakuombwa, akavua viatu akashuka ndani na ndoo, akachota maji toka asubuhi mpaka jeneza lilipofika. Jioni yake akacheza mechi na udongo wa kaburi ungali kwenye kucha. Jumapili iliyofuata mama akaimba jina lake, na watu wazima walilia.

Na jina lako likiimbwa una wajibu. Unainua mkono, unaitika "Niko!", na kama hauko uwanjani unashuka mpaka kwenye mstari wa uwanja, watu wakuone. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga alisukumwa kwa toroli toka mtaa wa mbali wa Naviundu ili aje aseme "Niko". Mwenye jina hakai kimya. Haijawahi kutokea.

Agosti ile Mama Victorine aliliondoa jina la Zéphirin. Na palepale, kwa sauti ileile, akaweka la Kabwe, eti kapiteni asiyeuza timu yake. Kwa miezi tisa Kabwe ameitika "Niko!" mahali pa mwenzake, kisha anarudi nyumbani na bukari, ugali ule, haishuki kooni.

"Na kuitika?" Kabwe aliuliza. "Bakikuimba, yaya, utafanya namna gani?"

"Nitafunga kinywa. Siko kichaa. Nitasikia tu, basi."

"Utasikia. Nakuapia..."

"Usiape. Weye sema tu. Ile kazi ya kusema njo ilikushinda."

Hortense akafika na kikombe cha bati, akakipitisha kwenye waya kwa uangalifu. Kabwe akanywa. Chai ilikuwa na sukari. Watu wa kambini, wanaogawiwa sukari kwa kijiko, na wamemtilia mpaka imekuwa tamu ya sikukuu.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Kabwe alikuwa uani kwa Mama Victorine. Mama alikuwa ameinamisha ngoma mbele ya moto ili ngozi ikaze.

Sasa mwangalieni kapiteni wetu. Badala ya kupita mlangoni, akatafuta dirisha.

"Mama, Zéphirin anaenda leo. Treni itapita palepale nyuma. Mumuimbie jina, mara moja tu. Kwa huruma."

"Huruma?" Mama hakuinua macho. "Wimbo yangu si sadaka ya kanisa."

"Alichota maji mu kaburi ya Papa Adalbert."

"Njo maana iliniuma!" Mama akaiacha ngoma. "Kama ni mungine aliuzisha match, ningelala usingizi. Lakini yeye! Ile mikono iliyotosha maji mu kaburi ya bwana yangu, njo mikono ileile ilituuzisha ku bantu ya Kipushi. Nilitosha jina yake na machozi, Kabwe. Siku mbili sikuuza samaki." Kisha akamtazama vizuri, kama anavyotazama samaki aliyelala tangu jana. "Unajua kitu? Kama unajua kitu, mutoto yangu, sema. Jina yenye kutoka kwa bongo, kwa uongo ya mutu, inaweza kurudia. Lakini mwenye kujua aseme mbele ya bantu bote, si mu lupango yangu hapa."

Neno lilifika kwenye meno. Nawaambia kweli, lilifika kwenye meno! Na mama akatabasamu, akamega kipande cha bitoyo, akampa ale apate nguvu za mechi.

"Hapana, mama," akasema Kabwe. "Nilikuwa naomba tu."

Mwanaume mzima! Na kile kipande cha samaki akakila.

Uwanja wa Katuba ulijaa kabla ya saa nane. Waliokosa nafasi walipanda juu ya baiskeli zao, mmoja juu ya mabega ya mwingine. Nyuma ya goli la upande wa reli alisimama, kama kawaida yake, Bwana Lucien, rais wa klabu na mkubwa fulani katika chama kinachotawala Katanga, amevaa lile koti lake jeupe ambalo vumbi la Katuba halijawahi kulithubutu.

Kabwe alimwendea wakati wa mapumziko, mechi na Kipushi walewale bado sifuri kwa sifuri.

"Président, nataka nisimame mbele ya bantu. Iko kitu nataka kusema."

"Kuhusu kichwa yako?" akauliza Bwana Lucien.

Kabwe akageuka kuangalia nani amesikia.

"Voyons, haya Kabwe. Miye nasimamaka hapa, nyuma ya goli. Ile siku nilikuwa mita tatu. Nilisikia gardien anaita, nikaona weye unaruka."

"Na haukusema?"

"Gardien, tunapata mungine. Capitaine kama weye, hapana. Na yeye angeenda tu, leo ao kesho. Bote banaenda." Akajifuta paji la uso kwa leso iliyopigwa pasi. "Ukisema leo, bantu batauliza président alikuwa wapi. Siipende ile swali. Halafu angalia kule."

Kando ya reli walikuwa vijana saba wa chama, fimbo mikononi, wamewekwa kuhakikisha hakuna anayeshuka njiani.

"Bale bana roho moto. Jina ya kule ikiimbwa hapa, sijue batafanya nini. Teza mupira, Kabwe. Unateza muzuri. Nyamaza."

Na mnajua kilichomtia Kabwe aibu kuliko yote? Ni kwamba kwa muda mfupi alifurahi. Alikuwa amepata sababu. Si kwamba ninaogopa, akajiambia, ni kwa usalama wa watu. Kipindi cha pili kikaanza na akakimbia mwepesi kabisa, mpaka alipokumbuka ladha ya ile chai.

Dakika ya sabini na tatu beki wa Kipushi alimkata miguu ndani ya eneo la hatari. Filimbi. Penalti!

Uwanja ukalipuka. Kofia zikaruka, mtu akazimia, na ngoma ya Mama Victorine ikaanza. Jina la kwanza. "Niko!" likaja jibu toka jukwaani. La pili. La tatu. Kabwe aliokota mpira akaupangusa kwa jezi. Kombe lilikuwa hatua kumi na moja mbele yake, na jina lake lilikuwa linakuja kwenye wimbo, jina baada ya jina, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yako.

Hapo ndipo treni ikalia kule stesheni.

Kabwe hakuuweka mpira chini. Aliugandamiza kwapani akaanza kutembea. Si kuelekea goli. Alielekea mstari wa kwanza, kwa mama. Mwamuzi akapuliza filimbi, wachezaji wenzake wakamwita, wapi! Wimbo ulikuwa umefika mahali pake. Mama akafungua kinywa kumwita.

"Musiniimbe!" Kabwe akapiga kelele. "Mama, musiimbe jina yangu!"

Ngoma ikasita.

"Ile bao ya Kipushi ni yangu! Zéphirin aliita 'Yangu', nilisikia, nikaruka. Iligonga ku kichwa yangu, hapa!" Akajipiga kichwa kwa kiganja. "Hakuuzisha. Ni miye. Baliniuliza, nikasema mumuulize gardien. Balichoma nyumba yake ya viatu, nikanyamaza. Mukanitia mu wimbo, nikaitika. Miezi tisa naitika!"

Nimewahi kusikia uwanja umekasirika. Nimewahi kusikia uwanja unalia. Ule haukufanya lolote. Mahindi ya kuchoma yalikuwa yanapasuka kwenye jiko la mtu fulani, ukisikia kila punje.

"Sema tena," akasema Mama Victorine. "Nguvu. Bale ba nyuma habasikie."

Akasema tena. Chungwa likatoka jukwaani likampiga shavuni. Hakujipangusa.

Mama akasimama. Ni mwanamke mnene, husimama kwa hatua tatu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Na leo asubuhi nilikuuliza," akasema. "Nikakupa samaki."

"Ndiyo, mama."

"Na miye nikamutosha mu wimbo. Mutu aliyeingia mu maji ya kaburi ya Adalbert, nikamutosha bila kumuuliza hata neno moja." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kushughulika nayo. "Toka mbele yangu, Kabwe. Nitakulilia siku ingine. Sasa niko na kazi."

Akapiga ngoma. Treni ilikuwa inakata kona, polepole, behewa baada ya behewa, vyombo vimefungwa juu, watu wamebanana milangoni. Mama akaimba toka mwanzo, majina yote, kwa haraka. Akafika mahali pale.

"Zéphirin!"

Aliimba peke yake. Hakuna aliyepokea.

"Zéphirin!"

Mtu mmoja akapokea, wa sauti nzito, mchomaji wa tanuru la shaba. Kisha wanawake wa soko. Kisha upande wote wa mashariki. Watu hao hao, nawaambia, wengine walikuwepo siku kibanda kinaungua, na walijua walikuwepo. Waliimba kama mtu anayejaribu kurudisha kitu usiku kabla mwenyewe hajaamka.

Kabwe alimwona. Behewa la nne, mlangoni, kofia ya kijivu. Zéphirin alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, kama alivyosema. Nyuma yake Hortense amemshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. Anasikia! Kabwe akawaza, basi amesikia, imekwisha, nenda salama yaya.

"Zéphirin!" uwanja mzima ukaita kwa mara ya tatu.

Mkono ukatoka mdomoni.

"Niko!"

Kabwe akajilaani. Ewe mjinga! Tangu asubuhi umeliombea lile jina lirudi kwenye wimbo, ukaamini kwamba mwenye jina atakaa kimya? Haijawahi kutokea. Umemwita mtu wa Nyundo kwa jina, mbele ya watu wake, na mtu wa Nyundo akiitwa anashuka mpaka kwenye mstari.

"Hapana, yaya! Baki!" Kabwe alipiga kelele, lakini nani angemsikia?

Zéphirin akafungua vidole vya mkewe kimoja kimoja, akaruka. Akaanguka kwenye kokoto, akabingirika, akaokota kofia yake, akaivaa. Kilio cha Hortense kikaenda na treni. Naye Zéphirin akaanza kuchechemea kuelekea uwanjani, mkono juu, uso unacheka, wakati vijana saba wenye fimbo wakishuka kwenye tuta la reli kumzunguka.

Kabwe alikimbia. Alipita kwenye alama ya penalti, akampita golikipa wa Kipushi aliyeduwaa, akazunguka mlingoti wa goli, mpira ungali kwapani. Fimbo ya kwanza ilikuwa tayari hewani. Hakuwa na silaha. Hakuwa na jina. Alikuwa na neno moja, na ndilo alilolitoa kwa pumzi yote iliyobaki kifuani.

"Yangu!" Kabwe akaita. "Yangu! Yangu!"

Vijana wale walikuwa wa chama, lakini kabla ya chama walikuwa wa Katuba. Vichwa vikainama vyenyewe. Mikono ikashuka yenyewe, pamoja na fimbo zote, na wakabaki wanatazamana kama watu waliozinduliwa usingizini. Kabwe akapita katikati yao, akamfikia yaya yake, akasimama mbele yake.

Mmoja tu hakuacha. Alikuwa anakuja bila haraka toka nyuma ya goli, amevaa koti jeupe. Bwana Lucien hajawahi kucheza mpira maishani mwake, na mkono wake wa kulia ulikuwa tayari ndani ya koti, na haukuwa unatafuta leso.